Kipimo cha Mguu wa Bi Zuwena

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya saa nne ya asubuhi. Hiyo ilikuwa Nizwa, Omani, kwenye mtaa wa nyumba za udongo, na aliyenifukuza hakuwa bosi. Alikuwa fundi mzee wa kuta ambaye kila mtu alimwita Usta, maana ndivyo watu wa huku wanavyomwita fundi mkuu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Unguja juzijuzi, Kiarabu changu cha kuungaunga, na kazi niliyopewa na idara ya ujenzi ilikuwa ndogo kabisa: kushika ncha moja ya utepe wa kupimia, mwenzangu ashike ya pili, kisha niandike daftarini. Nikaingia nyumba ya kwanza, nikakunjua utepe. Usta akaniuliza, "Nyumba ya nani hii?"

"Sijui," nikamjibu.

"Humjui mwenyewe, unapima nini? Toka!"

Nikatoka, nikasimama juani na daftari langu kifuani. Mhandisi wa Idara, bwana mmoja mkavu mwenye kalamu tatu mfukoni, akanikuta pale akacheka. "Rudi ukamwombe radhi, Khalfan," akaniambia. "Huyo ndiye anayejua. Mimi nina shahada tu."

Nyinyi vijana mnaochora nyumba kwa kompyuta na kuzigeuza kiooni kama chapati, msidhani nataka kuwadharau. Nami nilikuwa na kiburi changu, na kilinipeleka pabaya, tena si nilipokuwa mchanga bali nilipokuwa na mvi. Ndiyo maana naandika.

Usta alipima kwa dhiraa, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, na kwa shubiri, kiganja kilichotanuliwa kutoka dole gumba mpaka kidole cha mwisho. Vipimo hivyo nilivijua tangu kwetu. Bibi yangu akinunua nguo kwa dhiraa na akigombana na mwenye duka kila mara. Lakini Usta hakutumia mkono wake. Alimwita mwenye nyumba, akamwambia nyoosha mkono, akakata kijiti cha kuti sawasawa na dhiraa yake, na kijiti hicho ndicho kilichopanga milango, rafu na ngazi zote. Nilimwuliza kwa nini asitumie mkono mmoja kwa nyumba zote akapumzika.

"Hiyo kanzu uliyovaa imeshonwa kwa kipimo cha nani?" akaniuliza.

"Changu."

"Basi," akasema, akaendelea na kazi yake.

Ni yeye aliyenifundisha saruji ya zamani. Hii si sementi ya mfuko. Ni udongo unaochomwa kwa magogo ya mtende, ukapondwa, ukachekechwa, ukakorogwa na maji na chokaa. Ndiyo iliyojenga falaji, yaani mifereji ya kuleta maji mashambani, kwa kuwa maji hayaili upesi. Tofali la kwanza nililolifinyanga kwa saruji ile lilikuwa limepinda upande. Usta akaligeuzageuza, akanirudishia. "Kaa nalo wewe. Tukilitia ukutani litatuaibisha." Nikakaa nalo kweli. Kila nilipohamishwa, tofali likahama nami.

Baada ya miaka minne nikapelekwa Sur. Huko udongo ulikwisha, ikawa zege, nondo na matofali ya sementi. Mkurugenzi wa Ujenzi alikuwa mtu wa haraka, chai anainywa kasimama, na neno lake lilikuwa moja: "Mita haina mjomba." Alikuwa na ramani moja ya nyumba, tukaijenga mitaa mizima. Ukikosea mlango ukaingia kwa jirani, utajua umekosea ukimwona mke si wako. Simlaumu. Watu walikuwa wengi, nyumba hazikutosha, na aliyelala chini ya bati hangojei dhiraa. Ila mimi huko ndiko nilikomsahau Usta. Nikapanda cheo, kutoka mshika utepe nikawa mchora ramani, kutoka mchora ramani nikawa msimamizi. Nilipomwoa Asha na kujenga nyumba yangu Ibra, niliijenga kwa ramani ile ile ya Mkurugenzi, sikubadilisha hata swichi.

Asha ni mfupi. Meza ya zege ya jikoni ilimfika karibu na kifua. Akalitazama lile tofali langu lililokaa bila kazi, akaliweka sakafuni mbele ya meza, akawa analipanda akipika. Wageni wakija nikawa nafanya mzaha: "Mke wangu bila ya tofali langu haoni ndani ya sufuria!" Watu wanacheka, na yeye anacheka.

Miaka yangu ya mwisho ya kazi niliifanya katika kampuni moja ya ujenzi hapa Ibra, chini ya Meneja wa Miradi, kijana wa umri wa mwanangu, msomi, ana adabu, ila hapendi kitu kisichoingia kwenye jedwali. Siku moja akaniita ofisini akanionyesha picha simuni. "Mzee Khalfan, umeshawahi kuona nyumba ya Bali?"

"Bali ipi?"

"Indonesia. Bwana Nassor anataka hii, hapahapa Ibra. Mungu atusaidie."

Bwana Nassor ni mfanyabiashara wa Maskati. Wazee wake walirudi kutoka Pemba. Nyumba hiyo hakuitaka yeye, alimtakia mama yake, Bi Zuwena, aliyekuwa akikaa mtaa wa zamani katika nyumba ya udongo yenye ufa unaopitisha mkono. Mwana kamwekea mama njia mbili: au nyumba mpya kwenye kiwanja chao kando ya falaji, au ahamie kwake Maskati, ghorofa ya sita. Nilikwenda kumwamkia.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, baba. Ndiye wewe mjenzi? Nisikilize. Ghorofa ya sita mimi nikakae kama kunguru? Hawa wenzangu wa kahawa watapanda na nini?" Wanawake wa mtaa walikuja kwake kila asubuhi, kahawa na tende, tangu aliporudi huku. "Nijengee hata banda la mbuzi. Mradi nikikaa, miguu yangu ifike chini."

Nikamwambia inshallah. Nilidhani ni maneno ya kikongwe tu, nikayaacha palepale mkekani.

Fundi wa Bali alikuja na maseremala wawili na kontena la mbao. Jina lake Wayan, mtu mwembamba, mpole, ana Kiarabu cha hotelini na Kiingereza cha kuokoteza, na kwa hivyo viwili tukaelewana. Asubuhi ya kwanza hakuuliza ramani. Aliuliza, "Mlima uko wapi? Bahari iko wapi?" Nikamwonyesha milima, nikamwonyesha upande wa Sur. Kwao, akaniambia, nyumba ni mwili: kichwa kielekee mlimani, miguu ielekee baharini. Kitakatifu kikae juu, jiko na uchafu vikae chini. Na si nyumba moja. Ni uwanja wenye ukuta, na ndani mabanda mbalimbali, la kulala, la wageni, la kupikia, kila moja juu ya kibaraza chake. Mambo matatu yapatane: mtu na Mola wake, mtu na watu, mtu na ardhi anayoikalia.

"Haya hata kwetu yapo," nikamwambia. "Na mimi nina langu: kibla kiko kule. Choo kisikielekee."

Akainamisha kichwa, akafuta mstari mchangani, akauchora upya. Pembe ya mlimani upande wa mawio, kwao ndipo penye mahali pa ibada. Tukaweka hapo chumba cha kusalia cha Bi Zuwena, na wala hatukubishana. Nyuma ya lango akajenga ukuta mfupi, ukiingia lazima uuzunguke. Kwao huzuia mashetani, kwa sababu shetani hajui kukata kona. Kwetu nyumba za zamani nazo zina kona mlangoni, kuzuia macho ya wapita njia. Nilipomweleza Bi Zuwena akacheka mpaka akashika mbavu. "Shetani na macho ya watu! Hao si ndugu?"

Kisha Wayan akaniomba vipimo. Urefu wa wayo, upana wa wayo, dhiraa, shubiri, ngumi na dole gumba limesimama. Vya nani? Vya atakayekaa. Atavikata kwenye fimbo ya mwanzi, na fimbo hiyo ndiyo itakayopima nguzo, vibaraza na ngazi, na mwisho wa kila kipimo ataongeza kidogo, ili nyumba iwe na uhai. Wallahi nilisisimka. Nikamwona Usta na kijiti chake cha kuti.

Na hapo ndipo nilipokosea. Nitamwendea vipi mama wa watu, mwenye miaka themanini na zaidi, nimwambie nyoosha mguu nikupime? Mimi si mwanawe, si kakake. Niliona haya. Kumtuma mtu sikufikiri, au sikutaka kufikiri. Ijumaa ile Bwana Nassor akaja kuangalia kazi, nikamvua kiatu, nikampima yeye kwa uzi, dakika kumi, kazi kwisha. Nikajisemea mwenye nyumba si ni huyu anayelipa? Wayan alipopokea nyuzi akauliza, "Vya bibi?" Nikatikisa kichwa kuwa ndiyo.

Miezi minane tulijenga. Kila nguzo Wayan aliikagua kwanza apate kujua upande gani ulikuwa wa mizizi, kwa sababu mti husimamishwa kama ulivyoota, haupinduliwi. Siku nyumba ilipokwisha ilikuwa nzuri, jamani, sijapata kuona. Upepo wa falaji unapita katikati ya mabanda, na mitende inaonekana juu ya ukuta.

Bi Zuwena akahamia Jumamosi. Alikuja na Mwanaidi, msichana wa Tanga aliyekuwa akimtunza. Akasalimia nyumba, akasoma dua, akataka kukaa ukingoni mwa kibaraza cha banda la kulala. Mwanaidi akamshika kwapani, akampandisha. Miguu ya bibi ikaning'inia. Hakufika chini hata kwa ncha ya kidole.

Nassor ni jitu la mtu, na mama yake mfupi kama kinu. Wayo wa mwana ulizidi wa mama kwa vidole vitatu, na kibaraza kilikuwa na kimo cha nyayo mbili. Hesabu yenyewe rahisi, niliifanya palepale kichwani.

Siku ya kwanza alipandishwa na kushushwa. Siku ya pili akateleza ngazini, Mwanaidi akamdaka. Siku ya tatu hakushuka kabisa. Wenzake wakaja na birika lao, wakamkuta kaketi juu, miguu hewani, magoti yanamuuma. Jumanne akaniita.

"Nyumba nzuri, baba. Lakini ya mwanangu hii, si yangu. Mwambie Nassor Ijumaa anichukue, nakwenda Maskati." Hakulia. Alikunja kanga yake pajani, akaikunjua, akaikunja tena.

Nikamkuta Wayan nyuma ya banda na fimbo yake ya mwanzi, anahesabu. Alihesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chakula chake kilikuwa kimepoa kando. "Nimekosea," akaniambia. "Sijui wapi. Kwetu, nyumba ikimkataa mwenyewe, fundi huweka patasi chini." Na Meneja wa Miradi, aliposikia, akapiga meza: "Si nilisema mimi! Kujenga kwa nyayo na mianzi! Andika ripoti, Mzee Khalfan. Kosa la fundi."

Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nilinyamaza. Jumanne nilinyamaza. Jumatano nikaandika nusu ya ripoti. Bado mwaka mmoja nistaafu, na katika miaka yote ile faili langu lilikuwa halina doa. Nilijua nikifunga mdomo hakuna atakayejua. Kikongwe ataishia ghorofani akitazama magari, Wayan atarudi kwao ameweka patasi chini, na mimi nitapewa saa ya ukutani na picha ya kuagwa.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa Wayan kabla sijanywa chai. Nikamwambia, "Hukukosea. Nimekudanganya mimi. Vile vipimo ni vya mwana."

Nilitamani anitukane. "Kwa nini?" akauliza.

"Niliona haya kumpima mama."

Akaitazama fimbo, akaitazama tena, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. "Bibi yupo?" akasema. "Basi tumpime."

Kazi hiyo ikamwangukia Mwanaidi. Tulikaa nyuma ya ukuta wa lango, sisi wanaume, tukasikia sauti ya Bi Zuwena imepanda: "Miezi minane mnajenga, leo ndiyo mnanipima? Haya, pima, binti, pima! Na dole gumba upime, wasije wakasema tena!" Mwanaidi akatoka na nyuzi, anazuia kicheko.

Meneja alitaka kibaraza kivunjwe kipunguzwe. Wayan akakataa katakata. Nguzo zimesimama juu yake, na nyumba haikatwi miguu. "Tuinyanyue ardhi," akasema. Tujaze uwanja mzima, kimo cha vidole sita, na mteremko mdogo langoni maji yatoke. Udongo gani? Mchanga wa wadi, ule mto mkavu, hautashikana. Hapo Bi Zuwena akaita kutoka ndani, maana alikuwa akisikia kila kitu, "Nyumba yangu si ya udongo ile? Si mnataka kuivunja?"

Nikampigia simu Bwana Nassor, nikamwambia kosa ni langu na namna nilivyolifanya, nikamwomba siku tatu. Akasema, "Kumbe kile kiatu uliponivua. Mimi nilidhani unapima mlango." Akatoa siku tatu. Ijumaa akaja hata hivyo, akavua kanzu, akabaki na fulana na kikoi, akabeba udongo wa nyumba walimozaliwa wadogo zake wawili, karai kwa karai.

Tuliushindilia kwa maji na vipande vya magogo ya mtende, alivyonifundisha Usta. Jumatatu asubuhi Bi Zuwena akatoka bila kushikwa, akakaa ukingoni mwa kibaraza chake. Nyayo zote mbili zikatua. Akachezesha vidole juu ya udongo wa nyumba yake ya zamani, akautazama, akatutazama sisi. "Sasa nimefika," akasema. "Mwanaidi, waite wenzangu. Na huyu fundi mpe kahawa, kakonda." Nilikwenda kusimama nyuma ya ukuta wa mashetani nikalia, sina haya kusema. Wayan naye alikuwa huko, ananawa uso.

Nilipewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho, na ni haki yangu. Nimeitia kwenye fremu. Wengine huniuliza kwa nini, nawaambia shahada yangu ndiyo hiyo.

Jumatatu ile nilirudi nyumbani mchana, nikamkuta Asha jikoni. Yuko juu ya tofali, anakoroga mchuzi. Nilisimama mlangoni kama mgeni.

"Asha, shuka nikupime."

"Mchuzi utaungua. Umri huu wanipimia nini, sanda?"

"Meza. Nataka kuiteremsha meza."

Akazima moto, akageuka polepole. "Nilikwambia mwaka wa kwanza," akasema. "Mbele ya wageni. Mkacheka."

Nilijaribu kukumbuka, nikakumbuka. Alisema kweli, na nilicheka kuliko wote. Aliposhuka nililinyanyua lile tofali nikalipeleka dirishani. Saruji ile ambayo maji ya falaji hayaiwezi ilikuwa imelika mahali pawili, pamebonyea, wayo wa kulia na wayo wa kushoto.

Kazi yangu ya kwanza baada ya kustaafu ilikuwa kuivunja meza hiyo. Sikuajiri mtu. Nilipima kiwiko cha Asha, nikakata kijiti cha kuti, nikaongeza kidogo mwishoni kama Wayan, nikajenga kwa mikono yangu, siku tano, na magoti yananiuma. Siku ya sita akapika amesimama sakafuni. Hakunishukuru. Tulikula. Alasiri akaja kukaa karibu nami ukumbini na kikombe chake, akaniambia, "Leo mgongo hauniumi."